Kirudishe nje, Mama Furaha: nondo wako anaihitaji hiyo baridi

Swali: Mwishoni mwa Januari mume wangu alikuwa anapunguza matawi ya mti ulio kando ya gereji. Tukaona kitu cha kahawia kimelala sambamba na tawi, kama jani kavu lililojikunja, ila ni kigumu na kina nyuzi. Hakibanduki, ikabidi tukate tawi zima. Ukikitikisa, kuna kitu kinagonga ndani. Mtoto akasema ni mnyama, tusimwache afe kwa baridi, basi tumekiweka sebuleni juu ya rafu karibu na hita. Ni mdudu gani? Atatoka lini, na tumlishe nini? Nondo si ndio wanaokula nguo? Je, watoto wake hawataumaliza mti? Na mama mkwe wangu, aliyekulia Katanga, anauliza kama ni wale viwavi tuliokuwa tunakula nyumbani. Mama Furaha, Columbus, Ohio.

Jibu: Mama Furaha, kabla hujaendelea kusoma, nyanyuka kwanza ukakitoe hicho kifukofuko sebuleni. Kipeleke nje, barazani au popote pasipo na hita, kisha urudi tuzungumze kwa nafasi. Mtoto wako hakukosea kuhusu mnyama: yumo, na kwa jinsi unavyosema kuna kitu kinagonga, huenda ni mzima. Ila baridi anayomwogopea haimdhuru. Kinachoweza kumuua hapo alipo ni hita yenu.

Aliyemo ndani, kwa maelezo yako, ni nondo aitwaye cecropia, kwa jina la kisayansi Hyalophora cecropia, akiwa katika hatua ya bundo, ile ambayo vitabu vya shule huiita pupa. Huyu ndiye nondo mkubwa kuliko wote wa asili wa Amerika Kaskazini. Akikunjua mbawa, kutoka ncha hadi ncha anafikia sentimita 13 hadi 15, na wako wanaozidi hapo. Anapatikana kuanzia Nova Scotia kule Kanada hadi Florida, na kuelekea magharibi hadi Milima ya Rocky, kwa hiyo Ohio ni kwao kabisa. Kilichonifanya nimtaje yeye na si ndugu zake ni hayo maneno yako kwamba kimelala sambamba na tawi na hakibanduki. Ndugu yake polyphemus hufuma kifukofuko chenye umbo la yai, ambacho mara nyingi huanguka chini pamoja na majani. Luna hujifungia kwenye majani, na majira ya baridi humkuta chini ardhini. Promethea huning'inia kwenye kikonyo cha jani alichokizungushia hariri kisianguke. Cecropia hukigandamiza kifukofuko ubavuni mwa tawi kwa urefu wake wote, na upepo wa miezi sita haukitoi.

Ukitaka kujua kama ni mzima, usikitikise tena kwa nguvu. Shika tawi, liinamishe taratibu upande mmoja kisha upande wa pili. Bundo mzima ni mzito; utasikia kishindo kimoja kizito anapoteleza na kugusa ukuta. Ukisikia mchakacho mwepesi wa kitu kikavu, amekwisha kufa au ameliwa ndani kwa ndani na wadudu nitakaowaeleza mbele. Angalia pia kama kuna tundu. Kifukofuko chenye tundu dogo la duara ubavuni, jembamba kuliko penseli, tayari kimepata mgeni.

Sasa habari ya baridi, maana hapo ndipo penye kiini cha jibu langu.

Watu wengi hudhani bundo anaivumilia tu baridi kwa kuwa hana la kufanya. Sivyo. Anaihitaji. Katika miaka ya 1940, Carroll Williams wa Chuo Kikuu cha Harvard aliamua kujua baridi inafanya nini hasa ndani ya mwili wa bundo wa cecropia. Baadhi yao aliwaacha kwenye joto la chumba tangu mwanzo: wakakaa miezi na miezi bila kubadilika. Wengine aliwaweka kwenye nyuzi chache tu juu ya sifuri, yaani baridi ya friji ya kawaida, kwa majuma kama kumi, kisha akawarudisha kwenye joto. Baada ya mwezi mmoja hivi wakatoka nondo. Hapo akafanya jambo ambalo kwa mdudu huyu linawezekana kwa sababu ya ukubwa wake. Akamlaza bundo kwa gesi ya kaboni dayoksaidi, akampasua, akatoa ubongo wa yule aliyepita kwenye baridi na kuupandikiza kwa mwingine ambaye hakuwahi kuionja. Huyu wa pili naye akaanza kukua.

Hakuishia hapo. Alikata bundo vipande viwili, akaziba kila kidonda kwa plastiki na nta, akasubiri. Nusu ya mbele yenye ubongo uliopoa ikakua ikawa nusu ya nondo, yenye kichwa na mbawa. Nusu ya nyuma ikabaki vilevile, hai lakini imelala. Ili nusu hiyo iamke ilibidi ipandikiziwe vitu viwili: ubongo uliopita kwenye baridi, pamoja na tezi zinazokaa kifuani. Kwa hiyo mfuatano ukajulikana. Baridi huuandaa ubongo. Joto likirudi, ubongo hutoa homoni inayoziamsha tezi za kifuani. Tezi nazo hutoa homoni inayouambia mwili mzima uanze kujijenga upya. Sehemu kubwa ya tunayoyajua leo kuhusu homoni za wadudu ilianzia kwenye mabundo kama huyo wako.

Kwa kuganda msiwe na wasiwasi. Mwili wa bundo wa cecropia hujitengenezea gliseroli, ambayo inauzuia usiharibiwe na baridi kali.

Sasa piga hesabu ya kalenda. Columbus imekuwa na baridi tangu Novemba. Mwishoni mwa Januari bundo wenu alikuwa ameshapata majuma kumi au zaidi, maana yake ubongo wake uko tayari na anasubiri joto tu. Ninyi mkamweka karibu na hita. Kwa jinsi mwili wake unavyosoma mambo, kwake sasa ni Mei. Akiachwa hapo atatoka katikati ya Machi, nje kuna theluji, miti haina jani hata moja, na hakuna dume wala jike mwingine wa aina yake aliye macho kilomita nyingi kuzunguka. Ataishi siku zake chache dirishani na kufa bila kuzaa. Na hiyo ni kama hakukauka kwanza, kwa sababu hewa ya nyumba inayopashwa joto ni kavu mno na bundo hana mdomo wa kunywea. Maji aliyonayo ni yale aliyoyapata kwenye majani ya mwaka jana.

Siku chache alizokaa ndani hazijaharibu kitu. Fungeni kile kipande cha tawi kwenye mti uleule kwa waya au kamba, kimo cha kichwa cha mtu, ule upande wa kifukofuko uliokuwa juu uendelee kuwa juu. Mkihofia kindi na panya, kizungushieni wavu wa chuma wenye matundu madogo. Mkiamua kukiweka barazani penye paa, kinyunyizieni maji kidogo mara moja kwa juma ili kisikauke. Basi. Hakuna kingine cha kumfanyia hadi miti ichipue.

Kuanzia Mei muwe mnakitazama kila asubuhi. Siwezi kukutajia juma lenyewe. Gilbert Waldbauer na James Sternburg wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwafuatilia cecropia wa huko na kugundua kwamba hawatoki kwa pamoja: kundi dogo hutoka mapema, mwezi wa Mei, na kundi kubwa hutoka baadaye, Juni ikiwa imekolea. Hata ndugu wa tumbo moja hugawanyika hivyo. Kwa mdudu anayeishi siku chache mpango huo una faida yake, kwani dhoruba au baridi ya ghafla ikiwakumba wa Mei, wa Juni wamo bado ndani.

Wakati huo kihamisheni kifukofuko kwenye chumba cha chandarua. Kipande cha chandarua cha mbu kilichoshonwa kwenye fremu ya mbao kinatosha kabisa, ila kisiwe kidogo: kila upande upate angalau sentimita 30, kwa sababu ambayo utaiona siku atakapotoka. Kwa kawaida hutoka asubuhi. Mtasikia kwanza kukwaruzakwaruza ndani. Ncha moja ya kifukofuko, ile ya juu, kiwavi aliifuma kwa makusudi bila kuikaza. Nyuzi zake zimeelekea nje tu, na nondo huzisukuma kwa kichwa akapenya katikati yake. Anayetoka atawakatisha tamaa: ana tumbo kubwa lililolowa, na mbawa ndogo zilizokunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Ndani ya dakika chache atapanda juu na kutafuta mahali pa kuning'inia. Hapo atasukuma maji ya mwili wake kwenye mishipa ya mbawa, nazo zitashuka na kunyooka mbele ya macho yenu, kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo. Baadaye hukaa saa kadhaa zikikauka. Akikosa mahali pa kuning'inia, au akiguswa na mkono wa mtoto katika nusu saa hiyo, mbawa hukauka zikiwa zimepinda na hazitanyooka tena. Ndiyo sababu ya chumba kikubwa, na ndiyo sababu ya kumwambia mtoto aangalie kwa macho tu.

Zikishanyooka utamwona alivyo. Mwili ni mwekundu wa matofali, na shingoni ana ukosi mweupe. Tumbo lina mistari ya nyeupe na nyekundu kuzunguka. Mbawa ni za kijivu cha kahawia, zimepitiwa na mkanda wa nyeupe na nyekundu, na kila ubawa una alama ya mwezi mwandamo katikati. Karibu na ncha ya kila ubawa wa mbele kuna doa jeusi lenye umbo la jicho.

Kujua dume na jike si kazi. Tazama vipapasio: vya dume ni vipana, vina matawi marefu pande zote mbili mfano wa unyoya, vya jike ni vyembamba. Tumbo la jike ni nene kwa sababu mayai yamo tayari tangu anatoka.

Mmlishe nini? Msimlishe chochote. Nondo huyu hana mdomo unaofanya kazi, sehemu za kulia zimebaki kama kumbukumbu tu. Anaishi kwa mafuta aliyoyaweka alipokuwa kiwavi, juma moja hadi mawili, na muda wote huo ana kazi moja, kuzaa. Msimwekee maji ya sukari wala tunda. Kwa swali la nguo nalo hapo umeshapata jibu, maana asiye na mdomo hawezi kula nguo za kabatini. Wale nondo wa Mathayo sura ya 6, waharibuo hazina, ni wadudu wadogo mno wa rangi ya dhahabu iliyofifia, mwili wao haufiki hata sentimita moja, na hata kwao mlaji wa sufu ni kiwavi. Watoto wa cecropia hula majani mabichi tu.

Akiwa jike, naomba msimwachie usiku wa kwanza. Mwacheni kwenye chandarua nje, mbali na taa ya baraza, na mkiweza amkeni kabla ya alfajiri. Saa za mwisho za usiku jike hutokeza tezi iliyo kwenye ncha ya tumbo na kuachilia harufu ambayo pua ya binadamu haiisikii kabisa. Dume huisikia kwa vile vipapasio vyake vipana akiwa kilomita moja na zaidi, huruka akiufuata upepo ulikotoka, akipotea na kurudi hadi afike. Kama mtaani kwenu bado wapo, kabla jua halijatoka mtakuta madume wanapigapiga mbawa kwenye chandarua. Mfungulieni mmoja aingie. Wakishashikana hukaa hivyo mchana kutwa bila kuachana, hadi jioni. Baada ya hapo dume ni kumwachia aende zake, na jike pia mwachieni jioni hiyo karibu na mti wenu, kwa kuwa usiku huohuo anaanza kutaga.

Taa ya baraza nimeitaja kwa sababu. Nondo wa usiku huvutwa na taa, hupoteza saa ambazo hana nyingi, na asubuhi ndege humwokota ukutani. Ukizima taa ya nje kati ya Mei na Julai unamsaidia kuliko kwa kitu kingine chochote unachoweza kukifanya nyumbani.

Jike hutaga mayai zaidi ya mia, lakini hayarundiki mahali pamoja. Anabandika machache, mawili hadi sita hivi, kwenye jani, anaruka, anabandika mengine kwenye mti mwingine. Hilo ndilo jibu la hofu yako kwamba mti utakwisha. Mti wenu utapata viwavi wachache tu, na majani watakayokula hamtayaona yamepungua. Wanapenda mti wa mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, pia mcheri wa mwituni, mtufaa, mplamu, mierebi na mingine mingi. Usinunue dawa ya kupulizia. Dawa ndiyo itakayokumalizia yeye pamoja na vipepeo vyako vyote.

Baada ya siku 10 hadi 14 yai huanguliwa, na kiwavi anayetoka ni mweusi, mdogo, mwenye miba. Hapo anaanza kula na kujibambua ngozi, mara nne kabla hajamaliza kukua, na kila akivua hubadilika rangi kiasi cha kumfanya mtu adhani ni mdudu mwingine. Mweusi hugeuka manjano, manjano huingia kijani, na mwisho kabisa anakuwa wa kijani chenye ubuluu ndani yake, mnene kuliko kidole gumba, urefu unazidi sentimita 10. Mgongoni amepangwa vinundu vyenye vimiba vyeusi: vinne vya mbele ni vyekundu, vinavyofuata ni vya manjano, na vya ubavuni ni vya buluu. Anaonekana wa hatari. Hana sumu, mtoto anaweza kumwacha atambae mkononi. Ila mfundishe mtoto asiwashike viwavi wote kwa kumwamini huyu. Huko Ohio yuko ndugu yake aitwaye io, wa kijani mwenye mstari mwekundu na mweupe ubavuni na miiba midogo iliyosongamana, naye anachoma vikali.

Kufikia Agosti au mapema Septemba kiwavi anaacha kula, anatafuta tawi, anaanza kufuma. Hariri hutoka kwenye kitundu kilicho chini ya mdomo ikiwa majimaji na kukauka papo hapo hewani. Anafuma ukuta wa nje kwanza, kisha nyuzi za katikati zilizolegea, kisha ukuta wa ndani uliokazana. Hiyo nafasi ya katikati ndiyo inayomkinga na kubadilikabadilika kwa hali ya hewa. Akiwa amejifungia, hujibambua mara ya mwisho na kuwa bundo. Kizazi kimoja kwa mwaka, na zaidi ya nusu ya mwaka huo yumo humo ndani amelala. Hariri yake ni imara, lakini haijawahi kushindana na ya nondo wa China anayefugwa, kwa sababu uzi wake haufumuki kirahisi kuwa mmoja mrefu.

Tamaa ya hariri ya kienyeji ndiyo iliyoleta balaa. Katika miaka ya 1860 Mfaransa mmoja, Étienne Léopold Trouvelot, aliishi Medford, karibu na Boston, akitafuta nondo wa Marekani atakayefaa kutoa hariri. Alimchagua polyphemus, akamfuga kwa wingi nyuma ya nyumba yake chini ya nyavu. Kisha akaleta kutoka Ulaya nondo mwingine, Lymantria dispar, na karibu mwaka 1869 baadhi wakamtoroka. Yeye mwenyewe aliacha wadudu, akageukia kuchora sayari na nyota, na kwa kazi hiyo anakumbukwa vizuri. Nondo waliotoroka wakazaana kimyakimya miaka ishirini, na mwaka 1889 viwavi wao waliifunika Medford, wakala majani ya miti ya mitaa mizima.

Serikali ikatafuta adui wa kuwamaliza. Mwaka 1906 inzi wa Ulaya aitwaye Compsilura concinnata aliingizwa Massachusetts. Jike la inzi huyu hutoboa kiwavi na kumwekea buu hai tumboni. Buu hula kutoka ndani, na kiwavi hufa. Shida iko kwenye hesabu ya vizazi. Lymantria dispar ana kizazi kimoja tu kwa mwaka, viwavi wake huisha mapema kiangazi. Inzi naye huzaa vizazi vitatu au vinne. Wale waliozaliwa baadaye lazima wapate viwavi wengine, na huko porini walikuwapo cecropia wanene wakila majani hadi Agosti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 huko Massachusetts uliweka viwavi 500 wa cecropia juu ya miti: hakuna hata mmoja aliyevuka hatua ya tano, ile ya mwisho baada ya kujibambua mara nne. Na kati ya waliokufa katika hatua tatu za mwanzo, asilimia 81 waliuawa na huyo inzi. Inzi huyu aliendelea kuachiliwa sehemu mbalimbali hadi mwaka 1986. Mimi sioni kwamba waliomleta walikuwa na nia mbaya, ila kumwachia mdudu anayekula kila kiwavi ili amuue kiwavi mmoja ni uzembe ambao leo usingepita hata kwenye kikao cha kwanza.

Maadui wa asili nao wapo. Kigong'ota hutoboa kifukofuko wakati wa baridi na kumnyonya bundo. Lile tundu nililokwambia utafute mara nyingi ni la kwake. Panya wa porini hutafuna vifukofuko vilivyo chini vichakani. Nyigu wembamba hutaga ndani ya kiwavi naye akamaliza kufuma huku akiliwa. Ikifika mwisho wa Julai na hakijatoka kitu, chukua mkasi mdogo ukipasue kwa urefu, pole pole. Ukikuta vifuko vingi vidogo vimejipanga ndani, ni kazi ya nyigu. Ukikuta bundo mkavu mwepesi, alikauka. Na hata kama nondo wenu ametoka salama, pasueni hivyohivyo: mtoto ataona kuta mbili na nafasi ya katikati, ganda jeusi la bundo, na chini kabisa ile ngozi ya mwisho ya kiwavi imesokotwa, vimiba vyake vingalipo.

Jambo moja la mwisho kuhusu mabundo haya, kwa kuwa wewe si wa kwanza kuyakatia tawi. Huko Stockholm, Hans Boman na wenzake waliwachagua cecropia walipotaka kujua mdudu anajikingaje na vijidudu, hali hana kingamwili kama zetu. Bundo aliyelala hafanyi kazi nyingine yoyote mwilini. Ukimdunga bakteria, karibu kila protini mpya anayoitengeneza ni ya kujikinga, na ni rahisi kuiona. Mwaka 1981 walitangaza protini fupi zinazotoboa ngozi ya bakteria na kuwaua, wakaziita sekropini kwa heshima ya nondo huyu. Baadaye protini za namna hiyo zimekutwa kwa wadudu wengine wengi.

Limebaki swali la mama mkwe, na mwambie jicho lake halijamdanganya sana. Cecropia ni wa jamii ya Saturniidae, na baadhi ya viwavi wanaoliwa Katanga, pamoja na yule wa kusini mwa Afrika anayekaushwa na kuuzwa masokoni, Gonimbrasia belina, ni wa jamii hiyohiyo. Hata hivyo wa Columbus asimguse. Miti ya mjini hupuliziwa dawa bila mtu kujua ni lini na na nani, na sumu ya jani humwingia anayelila. Isitoshe wale wa nyumbani hujaa mti mzima, mtu akajaza kapu asubuhi moja; huyu anakaa mmoja tawi hili, mwingine mti wa jirani. Sahani haitajaa.